Mama mdogo kauliza kama huku Marekani tunafunga Kwaresima, nawajibu wote kwa mpigo

Tumsifu Yesu Kristo. Jamani juzi mama mdogo kanitumia voisi ya dakika nne, mbili za kwanza ni salamu na habari za mvua na ng'ombe aliyezaa, ndo akafika penyewe: "Hivi mwanangu huko Marekani Kwaresima mnafunga kweli, au ndo hayo tunayosikia makanisa yamegeuzwa baa? Na wewe jumuiya unasali ya mtaa gani?" Nikamjibu nitakupigia. Sikupiga. Binamu zangu nao wakadakia, mmoja anataka kujua padri wa huku anaendesha gari gani, basi nimeona niandike mara moja kila mtu asome, atakayekasirika akasirike.

Tuanze na baa maana naona ndo imewauma. Ni kweli. Mimi niko Cincinnati, Ohio, mji ambao Wajerumani Wakatoliki walikuja kwa wingi karne ya 19 wakajenga makanisa kila kona, baadae watoto na wajukuu wakahamia nje ya mji huko kwenye nyumba kubwa, makanisa ya katikati yakabaki na wazee. Mtaa wa Northside kuna jengo lilikuwa kanisa la Mtakatifu Patriki, leo ni kiwanda cha bia, kinaitwa Urban Artifact, na watu wanakaa humo wanakunywa. Niliingia mara moja na wenzangu wa kazini nikabaki pale mlangoni sijui nivue kofia au nisivue. Parokia yetu sisi bado ni parokia, ila imeunganishwa na nyingine mbili, paroko mmoja anazungukia makanisa matatu. Misa ya saa tatu inaisha saa nne kasoro dakika tano na yeye huyo yuko kwenye gari. Gari lenyewe Toyota ya zamani, binamu umejibiwa.

Kwahiyo kufunga. Hapa mtanisamehe. Sheria ya Kanisa yenyewe ni ndogo kuliko mnavyodhani, kufunga ni lazima siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka 59, mlo mmoja wa kushiba na viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifiki mlo mmoja. Kuacha nyama Ijumaa zote za Kwaresima ni kuanzia miaka 14. Basi. Mama mdogo ana miaka 63, kisheria kashasamehewa kitambo, na bado anashinda na uji siku zote 40, halafu mimi kijana wa watu nahesabu kalenda. Mwaka huu 2026 Majivu yaliangukia Februari 18 na Ramadhani nayo ikaingia siku hiyohiyo kwa wengi, na kazini kwetu (ghala moja ng'ambo ya mto, upande wa Kentucky karibu na uwanja wa ndege, shifti ya usiku) kuna jamaa wa Mauritania, wako wengi sana huku kwetu siku hizi. Yule bwana kafunga tangu alfajiri, hajanywa hata maji, jua likizama anafungua na tende tatu anaendelea na mwezi wake. Akaniona na majivu usoni akauliza na nyie mnafunga? Nikasema ndio. Siku ngapi? Nikasema arobaini. Akauliza leo umekula nini, nikamwambia mkate na supu na baadae tena mkate. Akanyamaza. Akanipa tende moja, nadhani kwa huruma.

Na hayo majivu yenyewe sasa. Siku hiyo huku sio amri, mtu asiyekuja hatendi dhambi, ila ndo siku kanisa linajaa kuliko Jumapili nyingi za mwaka, watu ambao sijawahi kuwaona wamepanga foleni hadi barazani, wamevaa nguo za ofisini, wanapakwa msalaba wanarudi kazini. Mwaka 2024 iliangukia Februari 14, siku ya wapendanao, mahoteli yakajaa watu wenye majivu usoni wanakula samaki kwa mishumaa. Sijui wanatafuta nini na simcheki mtu, mana mi mwenyewe kuna mwaka nilikuja siku hiyo tu na Pasaka.

Hapo ndo nafika kwenye swali la jumuiya, mama mdogo ukae.

Sina jumuiya, kile kikundi cha majirani wa kusali pamoja. Haipo. Hakuna mtaa hakuna mwenyekiti hakuna mzunguko wa nyumba kwa nyumba, hakuna WAWATA, wale wanawake Wakatoliki, kuja kukuimbia ukijifungua. Unajiandikisha parokiani wanakutumia bahasha za sadaka kwa posta zenye namba yako, siku hizi hata bahasha hazihitajiki, unaweka kadi kwenye simu inakatwa yenyewe kila wiki. Yaani unaweza kuwa Mkatoliki mwaminifu kwenye daftari na hujaonekana kanisani tangu Krismasi. Mwaka wangu wa pili huku nikapewa shifti ya usiku wa Jumamosi, nikatoka kazini asubuhi nimekufa usingizi, Jumapili ya kwanza nikakosa, ya pili nikakosa, ikawa miezi mitano. Hakuna simu iliyopigwa. Sadaka iliendelea kukatwa vizuri tu. Nyumbani ukikosa jumuiya wiki mbili ya tatu mwenyekiti yuko uani na wamama wawili na kilo ya sukari, wanauliza kama unaumwa na macho yanachungulia ndani kuona kama umehamia kwa walokole. Nilikuwa nauchukia ule uchunguzi. Nilivyokuwa huko nilikuwa najificha chumbani namwambia mdogo wangu sema nimesafiri. Nyie acheni.

Kilichonirudisha ni harufu ya mafuta.

Huku Ijumaa za Kwaresima maparokia yanakaanga samaki na kuuza, wanaita fishi frai, ni kitu kikubwa sana miji hii ya Ohio mpaka Pittsburgh na Milwaukee, hata wasio Wakatoliki wanajua ratiba. Ni kikubwa kiasi kwamba hata ile baga ya samaki ya McDonald's ilizaliwa hapahapa Cincinnati, jamaa anaitwa Lou Groen alikuwa na tawi kwenye eneo la Wakatoliki, Ijumaa biashara inalala, mwaka 1962 akabuni baga ya samaki. Mkubwa wao Ray Kroc yeye akaleta wazo lake, kipande cha nanasi cha kuchoma ndani ya mkate, wakaziweka zote mbili sokoni siku ya Ijumaa washindane. Nanasi liliuza 6. Ya samaki ikauza 350. Nanasi jamani, mtu kafunga unampa nanasi.

Basi Ijumaa moja nashuka basi nimechoka, nikasikia hiyo harufu inatoka ukumbi wa parokia, nikaingia nile tu niondoke. Ukumbi umejaa, watu kama mia nne, watoto wanakimbia chini ya meza, wabibi wana meza yao ya keki, na mama mdogo shika kiti, kuna bia. Ndani ya ukumbi wa parokia, Ijumaa ya Kwaresima, kikombe dola 5, anayemimina ni mwalimu wa katekisimu. Na bahati nasibu pia, nusu ya hela anachukua mshindi nusu parokia. Niko kwenye foleni na sahani yangu ya karatasi, mzee mmoja mwenye aproni akatoa kichwa dirisha la jikoni akanitazama mimi, akasema wewe una mikono miwili? Nikadhani nimekosea foleni. Kumbe vijana wawili hawajatokea. Nikapewa aproni na sikula mpaka saa mbili usiku.

Kazi yenyewe niwaeleze maana naipenda. Samaki ni wale weupe wa bahari ya baridi, cod, wanakuja vipande vimeganda, Alhamisi usiku vinatolewa viyeyuke, Ijumaa mchana unavikausha kimoja kimoja kwa taulo za karatasi, usipokausha mafuta yanaruka yanakutafuta usoni. Halafu unga, halafu yai, halafu chenga za mkate, na siri aliyonifundisha yule mzee ni mkono wa kushoto ushike vikavu na wa kulia ushike vibichi, ukichanganya vidole vyote vinageuka maandazi. Mafuta nyuzi 175, ukijaza karai samaki wengi kwa pamoja yanapoa samaki ananywa mafuta. Pembeni wanaweka chipsi au makaroni ya chizi, na kabichi ya mayonizi ambayo mpaka leo sijaielewa. Samaki hatiwi kitu zaidi ya chumvi! Nilijaribu kuwaambia ndimu na kitunguu saumu, wakaniangalia kama nimesema kiarabu. Sasa hivi kuna kibakuli cha pilipili yangu ya kusaga nyuma ya jiko, cha wapishi tu, na yule mzee anajifanya hali ila kinaisha.

Huyo mzee ni fundi bomba mstaafu. Tumesimama bega kwa bega Ijumaa tatu bila kuniuliza natokea wapi, ya nne akauliza, nikasema Tanzania, akasema aa, akaendelea kugeuza samaki. Ijumaa ya tano gari la shifti lilinikosesha nikachelewa nusu saa, simu ikaita, namba siijui, ni yeye, kaitafuta namba yangu ofisini, akasema uko wapi, samaki wanaungua. Mama mdogo nilisimama pale kituo cha basi na baridi ile nikacheka peke yangu kama kichaa. Huyo ndo mwenyekiti wangu.

Msije mkadhani ni mbinguni. Samaki tunauza kuanzia saa kumi na nusu mpaka saa moja, na saa moja hiyohiyo Njia ya Msalaba inaanza kanisani, ni kuvuka uwanja wa magari tu. Watu mia nne ukumbini. Kanisani Ijumaa iliyopita nimehesabu, 22. Nao ni wazee, na familia mbili za Wakongo, na sisi tulionuka mafuta. Hakuna kutembea, hakuna kubeba msalaba mtaani, tunasimama na kupiga magoti kwenye mabenchi, padri na watoto wawili wa altare ndo wanazunguka vituo 14, dakika 35 tumemaliza. Paroko msaidizi ni Mnigeria, wazee wanalalamika hawamsikii lafudhi, mi namsikia vizuri tu. Mama mmoja wa Kikongo kituo cha 12 huwa anaanzisha wimbo wa Kiswahili kwa chini chini bila kuombwa, tunaoujua tunaitikia, wengine wanasubiri kwa adabu.

Halafu kuna lile boksi. Kila familia inapewa kiboksi cha karatasi cha kuweka sadaka ya Kwaresima mezani, ni mradi ulioanzia Allentown, Pennsylvania mwaka 1975, sasa uko chini ya Catholic Relief Services, shirika la misaada la Wakatoliki wa Marekani, robo ya hela inabaki jimboni kwa masikini wa hapa na iliyobaki inaenda nchi za nje, na Tanzania wanafanya kazi. Kitu kizuri, sipingi, kuna watu kinawafikia. Lakini boksi linakuja na picha na hadithi za watu wa huko kwetu na kwingineko, na kila mwaka baada ya misa lazima bibi mmoja anishike mkono aniulize kwa upole kama na mimi nilikuwa natembea kilomita nyingi kufuata maji. Mwaka wa kwanza nilieleza kuhusu mfereji, na ng'ombe, na ndizi, na mnada baada ya misa pale kigangoni ambapo kuku mmoja wa sadaka aliuzwa mara tatu. Siku hizi nasema hapana bibi, bomba lilikuwa uani, yeye anafurahi na mimi natia dola yangu kwenye boksi kama wengine.

Ijumaa Kuu ndo ningependa mngeiona. Kuna mlima mdogo katikati ya mji, Mount Adams, juu yake kuna kanisa alilojenga Askofu Mkuu John Baptist Purcell mwaka 1859, wanasema aliweka nadhiri meli ilipokuwa inakaribia kuzama kwenye dhoruba. Kuanzia saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu watu wanapanda ngazi kutoka chini, kila ngazi sala moja, wamefanya hivyo miaka zaidi ya 150. Mwaka jana nilienda moja kwa moja kutoka kazini, saa tisa usiku, na buti za kazi. Huongei. Ngazi moja, Salamu Maria, ngazi nyingine. Mbele yangu baba kambeba mtoto amelala mgongoni, tukawa tunasubiriana, mguu wa mtoto unaning'inia na soksi moja tu. Nilifika juu nikageuka, mto Ohio uko chini na madaraja yote yamewaka taa, nikaangalia saa nikajua huko kwenu ni saa nne na kitu asubuhi, bado hamjaenda kuabudu msalaba, mama mdogo anateta na mtu kuhusu kwaya.

Mengine kwa kifupi. Kitubio ni Jumamosi saa tisa mchana, foleni ipo, unaungama kwa Kiingereza na dhambi zingine huna Kiingereza chake. Dominika ya nne padri anavaa rangi ya waridi kama huko. Matawi wanagawa makavu ya kununua, hakuna anayekata mnazi wa jirani.

Na mama mdogo, ile voisi ya pili nimeisikia hadi mwisho, usidhani nilikatisha. Hela ya mabati ya kigango nitatuma tarehe 15 mshahara ukiingia, sio kabla, na nitatuma ya mabati sita sio kumi. Mwambie mwenyekiti asiandike kumi kwenye daftari.