Kocha, waulize, ila si kwa kila kitu

Kocha, salama? Umeuliza kama ukiwashirikisha wakimbiaji wako wa hapo Arusha kupanga mazoezi ya Kilimanjaro Marathon watakupanda kichwani. Hawatakupanda, mradi wajue mapema lipi linajadiliwa na lipi halijadiliwi.

Watafiti Chelladurai na Saleh, waliotoa dodoso lao la uongozi wa makocha mwaka 1980, walipima ushirikishaji na uamrishaji kila kimoja peke yake. Kocha yuleyule anaweza kuwa na vyote viwili. Aliyevutika msuli hapigiwi kura, anapumzika, basi. Dawa za kuongeza nguvu nazo hazipigiwi kura, ni marufuku.

Ila mbio ndefu za Jumapili? Waulize. Wewe unapenda lami kwa sababu kilomita zinahesabika, wao wanajua njia ya vumbi inawapa nafuu magoti. Na binti anayechota maji alfajiri hatakwambia kwamba mazoezi ya saa kumi na moja na nusu ni mateso kama hujamuuliza.

Usiwape karatasi tupu, utapata kimya au kelele za wawili watatu. Weka ratiba mbili ambazo wewe mwenyewe unaziafiki zote, wachague. Wadogo waanze kusema, nahodha awe wa mwisho. Kwetu mkubwa akishatamka, nani atampinga?

Wakichagua, ifuateni wiki tatu nzima hata kama roho inakuuma. Ukiipangua Jumanne, siku nyingine ukiuliza utajibiwa "sawa kocha" tu.