Kulaza konde kwa mikunde: yaliyonikuta Mwakirunge

Ndugu yangu, umesema una ekari moja na nusu upande wa Mwakirunge, hapa Mombasa, mahindi yakifika magotini yanageuka manjano, samadi huipati ya kutosha, na umeambiwa ulaze shamba kwa mikunde, yaani mimea ya jamii ya kunde na maharagwe. Ukauliza upande nini, lini, na kama ni kweli ukishapanda waweza kwenda zako mpaka msimu mwingine. Mie nina konde huko huko, na hili la kulaza nimeingia msimu wa tano. Miwili ya kwanza nilikula hasara, kwa hivyo nitakueleza na hasara zenyewe.

Kwanza hilo neno "kulaza" linatupotosha. Wazee walilaza kweli: konde likichoka walihamia jingine, hili likamea vichaka miaka mingi, kisha wakarudi. Sisi hatuna pa kuhamia. Ukiuacha mchanga wetu huu mwaka mmoja hivi hivi utavuna ndago na nyasi. Kulaza kwa mikunde ni kulima zao ambalo huvuni. Lapandwa kwa mstari na kupaliliwa mara mbili katika wiki sita za mwanzo, na lisipopaliliwa hushindwa na magugu kama zao jingine lolote. Likishafunika ardhi ndipo unapumua.

Na hapa kwetu konde lisiloonekana mtu ni mwaliko. Msimu wangu wa kwanza nilikaa wiki tatu bila kwenda. Siku nilipokwenda nikakuta vigingi vinne na kamba, na jamaa anapima msingi. Kaambiwa mwenye shamba yuko Arabuni, harudi! Tulielewana, lakini tangu siku hiyo nimezungusha minyaa mpakani na kupanda mistari miwili ya mihogo upande wa barabara. Mihogo inasema kuna mtu.

Upande nini? Mie natumia upupu. Najua ukitaja upupu watu wanaanza kujikuna, lakini si ule wa porini wenye manyoya. Huu wa kupandwa ni ndugu yake, maganda yake hayawashi, mbegu ni kubwa kama maharagwe manene, nyeupe, nyeusi au za madoadoa. Hakuna mkunde nilioupanda unaotoa majani mengi kuushinda, na ndago chini yake hunyong'onyea kwa kukosa jua (haifi, usidanganywe, hunyong'onyea tu). Ubaya wake ni kwamba hupanda chochote kilichosimama. Kama una minazi michanga, michungwa au mikorosho midogo, usiuweke karibu. Nilipoteza midimu miwili kwa namna hiyo, nilidhani imeibwa kumbe imefunikwa.

Kama tumbo nalo lataka chake, panda mbaazi. Waziweka kati ya mistari ya mahindi msimu wa mwaka (masika), mahindi yakivunwa zenyewe zinaendelea, majani yanapukutika chini, nawe unapata mbaazi za nazi za kula na mahamri, na vijiti vya kuni juu. Rutuba yake ni ndogo kuliko ya upupu kwa sababu sehemu nzuri umeitia chunguni, lakini nyumbani hakuna atakayelalamika. Fiwi iko katikati: hustahimili ukavu, hufunika vizuri, na yaliwa. Na kama jirani ana mbuzi wasiofungwa, fikiria utupa, ule wa kulevyea samaki. Mbuzi hawautaki. Ila huo ni kichaka cha mwaka mzima na zaidi, na usiupande kando ya bwawa la samaki.

Sasa la wakati, ambalo ndilo lililoniumiza.

Utasoma kila mahali kwamba mkunde ufyekwe ukianza kutoa maua. Si uongo. Wakati huo majani ni mengi, shina bado laini, na naitrojeni, kile chakula kinachoyapa majani ukijani, haijahamia kwenye mbegu. Lakini hayo ni ya mtu atakayepanda zao lake wiki mbili tatu baadaye. Mie nilipanda upupu mwezi wa saba kati ya mistari ya mahindi yaliyoanza kukauka. Ukatoa maua mwezi wa kumi na moja, nikafyeka kama nilivyosoma, nikajipongeza. Vuli ilikuwa bado yanyesha. Kwa joto letu na unyevu ule, majani ya mkunde hayana umri: baada ya wiki sita nilikuwa nakanyaga mchanga mtupu na vijiti. Naitrojeni ilitoka yote wakati hapakuwa na mzizi wa kuipokea, mvua ikaishusha chini, na mchanga wa pwani haushiki kitu. Mwezi wa nne nikapanda mahindi, yakawa manjano yale yale.

Siku hizi nasubiri vuli ishuke vizuri, kwa kawaida mwezi wa kumi, ndipo napanda. Kaskazi inapoanza kupuliza konde limeshafunikwa. Januari na Februari mvua karibu hakuna, lakini mizizi imeshakwenda chini: upupu husinyaa mchana, ukienda alfajiri wauona umeamka. Siugusi mpaka wiki ya pili au ya tatu ya mwezi wa tatu. Mvua ya mwaka ikikubali, napanda mahindi juu ya majani yale, nayo yanaoza wakati mahindi yana mizizi ya kuyanyonya. Maganda yakikomaa kabla ya hapo nafyeka mapema, maana mbegu ikianguka itaota katikati ya mahindi na kuyapanda kama ngazi.

Hasara ya pili ilikuwa ya Mungu: vuli haikunyesha. Upupu uliota nusu, mwingine ukakauka na vijani viwili. Tangu hapo robo ya konde naipanda fiwi, mvua ikiwa chache angalau kuna kitu.

Upandaji wenyewe hauna siri. Mbegu naziloweka usiku mmoja, zinazoelea natupa. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 30, mbegu moja moja, kina cha vidole viwili. Ekari moja yala kilo 16 hivi, weka 20 uwe na za kuzibia mapengo.

Kitu ambacho watu hawafanyi ni kuangalia mizizi. Wiki ya saba au ya nane chimbua mche mmoja na jembe, usiung'oe kwa nguvu, halafu uoshe kwenye ndoo. Utaona vinundu vimeshikamana na mizizi kama shanga. Kikwanyue kimoja, kikate kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu kama damu, kazi inafanyika, naitrojeni ya hewani inaingia. Kikiwa cheupe au kijani, mmea unakula tu udongo wako kama mahindi. Na usichanganye na uvimbe wa minyoo ya mizizi. Kinundu chema kimebandikwa ubavuni, ukikisugua kwa kidole chatoka. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe umefura, hautoki mpaka uukate. Mie kwenye kona niliyokuwa nikipanda biringani nilikuta huo wa pili, nikabadilisha nikatia mkunde mwingine uitwao marejea, kwa sababu minyoo ile haizaani vizuri kwenye mizizi ya marejea.

Vinundu vikiwa vichache na vyeupe, mara nyingi kinachokosekana ni fosifeti, chakula kingine cha mmea. Hapa watu wengi wanajidanganya: mkunde huleta naitrojeni, fosifeti hauitengenezi. Nilipoanza kutia kifuniko kimoja cha soda cha TSP, mbolea ya dukani yenye fosifeti, kila mashimo mawili wakati wa kupanda upupu, vinundu viliongezeka waziwazi, na mahindi yaliyofuata yakafaidi mabaki.

Kufyeka ni kazi ya watu wawili. Usianze kukata ovyo, maana upupu umeshasukana kama godoro na slasha itanasa. Kata kwanza mapito kwa panga, upana wa hatua mbili mbili, kisha mmoja anakata mashina chini kabisa na mwingine anakunja kuelekea mbele, mnautandaza tena nyuma yenu. Mizizi iache ardhini. Usilime, usichome moto. Vaa buti: chini ya godoro hilo kuna ubaridi na unyevu hata mwezi wa tatu, majongoo ni tele, panya wapo, na palipo na panya nyoka hakosi. Tulikutana naye mmoja mwaka juzi, kila mtu akashika njia yake. Kupanda mahindi ni kutoboa majani kwa mti uliochongwa ncha, unatia mbegu unafukia.

Umeuliza faida. Nusu ekari yangu ya nyuma, kabla ya haya, ilikuwa ikinipa magunia mawili ya kilo 90 mvua ikiwa nzuri. Msimu uliopita ilitoa manne na debe moja. Palizi ya mahindi nilifanya mara moja badala ya tatu, na ukinipigia hesabu ya vibarua hiyo ndiyo iliyonifurahisha kuliko magunia. Lakini usilaze ekari yote na nusu kwa pamoja. Anza na nusu ekari, kando yake acha mistari michache bila upupu, mwezi wa sita utaona tofauti kwa macho bila kuuliza mtu.

Jambo moja usilichukulie mzaha: mbegu za upupu si za kula. Zimefanana na maharagwe na mtu mwenye njaa atashawishika, lakini zina dawa ndani yake, zakutapisha na kukuzungusha kichwa, na kuchemsha kidogo hakutoshi. Kuku nao usiwape. Majani mbuzi wanakula, na ndiyo sababu mie nilikubaliana na jirani: wake wanafungwa mpaka nifyeke, nami nampa mafungu matatu ya majani.

Mbegu ninazo pishi sita hivi zilizobaki. Zatosha nusu ekari na akiba kidogo. Niandikie faragha kabla vuli haijaanza, kwani kuna mtu wa Mtongwe naye ameshaziulizia.