Kuhusu Mjukuu Wangu na Masista

Mwanangu Rosa,

Umeniuliza kama mjukuu wangu, na miaka yake 17, ni mdogo mno kwenda kwa masista. We unauliza umri, mimi umri haunisumbui kabisa. Huyo Mtakatifu Rosa wa Viterbo tuliyekupa jina lake alikuwa anahubiri barabarani kule Italia bado kabinti tu, anamtetea Papa huku mji uko mikononi mwa watu wa Kaisari Frederick wa Pili, aliyekuwa anagombana na Papa, mpaka mwaka 1250 wakafukuzwa yeye na wazazi wake. Sasa mtoto kama huyo kabisha hodi kwa masista wa Mtakatifu Klara wakamkataa, ati hana mali ya kuingia nayo! Wanasimulia aliwajibu kwamba kama hawamtaki akiwa hai watamtaka akishakufa. Akafa 1251, hata 20 hajafikisha (waliochunguza mwili wake wanasema alizaliwa bila ule mfupa wa katikati ya kifua, na bado alikuwa anapaza sauti mtaani). Mwaka 1258 Papa Alexander wa Nne akauhamishia mwili wake monasteri ileile iliyomkataa, na mpaka leo kila tarehe 3 Septemba usiku wanaume kama 100 wanabeba mabegani mnara uliowashwa taa, wa karibu mita 30, tani kama 5, sanamu yake iko juu kileleni, wanapita nao mjini watu wanalia. Maskini anafunguliwa mlango akishakuwa maiti, nimelisema hili mpaka mama yako kachoka.

Shangazi yako Tekla unajua yaliyomkuta alipotaka kwenda kwa masista. Babu aliuza mbuzi, godoro likapatikana, shuka, ndoo, ikapungua blanketi tu, basi pale getini akaambiwa arudi akikamilisha orodha. Tunamuona jioni anapandisha njia na sanduku kichwani, tukadhani kasahau kitu. Hakwenda tena. Labda yule sista naye alikuwa na amri yake, nyumba ya watu wengi haiendi kwa huruma tu, hilo nalijua. Lakini blanketi, mwanangu! Blanketi moja!

Sasa aende asiende? Jibu ninalo, liko hapa mdomoni, ila mtoto ni wenu na mwenye kuitwa ni yeye, basi nameza. Ila wakishawapa orodha ya vitu usinunue chochote, nitumie mimi WhatsApp, na blanketi nanunua mbili.

Baba yako