Muulize Mama Shamba: Sukuma njano, samaki wazima

Swali: Mama Shamba, salamu kutoka Nyamasaria, Kisumu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nyuma ya nyumba nina tangi la lita 1000 lenye ngege, na pampu hupandisha maji hadi kwenye kitanda cha kokoto nilichopanda sukuma wiki, kisha yanarudi tangini. Samaki wanakula vizuri. Lakini majani machanga ya juu yanatoka njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Ya chini hayana neno. Jirani anasema nitie yurea kidogo. Nitie?

Jibu: Usitie, Mwalimu, hata kijiko. Yurea ikiingia majini bakteria huigeuza kuwa amonia, na amonia ndiyo sumu ambayo kitanda chako kinahangaika kuiondoa usiku na mchana. Ngege huitoa kwenye matamvua; bakteria waliojishika kwenye kokoto huifanya naitriti, kisha naitreti, na hiyo ndiyo sukuma hula. Jirani simlaumu, ushauri wake ni wa mahindi. Wewe ungeamka ukute ngege wanaelea.

Tena wewe mwenyewe umeshanipa jibu kwa kusema majani ya chini hayana neno. Naitrojeni ikipungua, mmea huitoa kwenye majani makuukuu na kuipeleka juu, kwa hiyo njano ingeanzia chini. Chuma hakihamishwi hivyo. Kikikosekana, machanga ndiyo huumia. Chakula cha samaki kina chuma kidogo, na pH ya maji (kipimo cha asidi: namba ikiwa juu, asidi ni kidogo) ikipanda sana, hata hicho kidogo mizizi haikipati.

Kwa hiyo pima pH kabla ya kununua chochote. Ikiwa 6.8 au 7, kilichopungua ni chuma tu. Ikipita 7.5, ninashuku kokoto. Kazi ya wale bakteria huyavuta maji kwenye asidi polepole, basi yakikataa kushuka kuna kitu kinachoyarudisha juu. Huko kwenu mawe ya chokaa hayako mbali, Koru yanachimbwa. Chukua kokoto chache, zioshe, zikaushe, uzidondoshee siki. Zikitoa povu, ni chokaa hizo: zibadilishe kidogo kidogo, robo ya kitanda kwa wakati, maana ukizitoa zote siku moja umewatupa na bakteria. (Tangi la saruji mpya nalo hupandisha pH. La plastiki halina kesi.)

Chuma utakipata agroveti. Tafuta pakiti iliyoandikwa DTPA, au EDDHA kama pH yako bado iko juu; hayo ni majina ya dawa zinazokishika chuma ili mizizi ikipate. Tangi lako linahitaji gramu 2 za chuma chenyewe; pakiti ikisema asilimia 6, pima gramu 33 hivi, koroga kwenye ndoo, mimina taratibu. EDDHA itayafanya maji mekundu, watu wa nyumbani wasishtuke. Majani yaliyokwisha kuwa njano usiyahesabu, angalia yanayochipuka.

Swali: Niko Njoro, Nakuru. Mwezi wa saba ngege wangu wanasusia chakula na mchicha umedumaa. Ni ugonjwa?

Jibu: Ni baridi, ndugu yangu. Ngege hustawi maji yakiwa nyuzi 27 hadi 30. Chini ya 20 hamu huisha, na usiku wa Njoro unaujua. Bakteria nao hulegea, ndiyo maana mchicha umesimama. Kosa kubwa sasa ni kuendelea kutupa kipimo kile kile cha chakula: kinaoza chini na kuleta amonia ambayo hakuna wa kuimaliza. Lisha mara moja, saa nane mchana jua likiwa limepasha maji, na baada ya dakika kumi chota kilichobaki. Jenga kibanda cha karatasi ya nailoni juu ya tangi na kitanda, na pampu isizimwe usiku, samaki wanahitaji hewa. Wengine watakushauri uhamie kambare. Kambare anastahimili maji machafu, lakini baridi haipendi kama ngege tu.