Maswali yenu: mashine zilizopanga herufi kwa mwanga

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu mashine za kupanga herufi kwa mwanga, zile zilizotumika kati ya enzi ya herufi za risasi (ile metali inayoyeyushwa) na enzi ya kompyuta za mezani. Nimeokota machache.

Swali: Mkuu, si Apple ndio walioingiza kompyuta kwenye kupanga kurasa, 1985?

Jibu: Jamani hili swali! Kila mwezi lazima mtu alilete. 1985 ni mwaka wa PageMaker, programu ya kupanga kurasa, na LaserWriter, printa ya Apple, hakuna anayebisha, ila mashine ya Digiset ya Rudolf Hell kule Ujerumani ilikuwa inachora herufi za kidijitali kwenye skrini tangu 1965, miaka 20 nyuma. Apple walichofanya ni kushusha bei na kukuwekea kila kitu mezani. Wapeni sifa yao, wasipewe na ya wenzao.

Swali: Shikamoo mzee. Mwanga unapangaje herufi?

Jibu: Marahaba. Chukua mashine ya Lumitype, maana ndiyo iliyofungua njia. Higonnet na Moyroud, mainjinia wa Kifaransa, hawakuwa watu wa uchapaji kabisa. Higonnet aliingia kiwandani akakuta watu wanayeyusha risasi, wanapanga ukurasa mzima, wanachapa nakala moja tu, halafu hiyo nakala inapigwa picha ya kutengenezea pleti, bamba la kuchapia. Akaona huu ni uwendawazimu, kwa nini herufi isipigwe picha moja kwa moja? Basi wakatengeneza sahani yenye herufi pembezoni, inazunguka bila kusimama, na herufi unayoitaka ikifika mbele ya lenzi taa inawaka kufumba na kufumbua, herufi inatua kwenye karatasi ya picha. Unataka kubwa? Unabadilisha lenzi. Ufaransa hawakupata wa kuwashika mkono, wakavuka Marekani, na 1954 gazeti la Patriot Ledger la Quincy likaanza kuitumia.

Karatasi ikitoka inasafishwa kwa dawa kama picha nyingine yoyote, inakaushwa, inapakwa nta kwa nyuma, inakatwa na kubandikwa kwenye ubao. Ndiyo layout yenyewe hiyo, kupanga ukurasa kwa kisu na rula.

Swali: Kwenye magazeti ya zamani naona mstari mmoja umepinda au umepauka, kwa nini?

Jibu: Kiraka hicho. Kosa likionekana mstari unapigwa upya peke yake, unakatwa kwa ncha ya kisu na kubandikwa juu ya ule wa zamani, sasa kama mkono umetetemeka unapinda, na kama dawa ya asubuhi imeshachoka jioni herufi zinatoka na weusi tofauti. Ndiyo maana watu walisoma prufu, nakala ya kusahihishia, kabla ya kupiga. Siku hizi kusahihisha ni bure na ndiyo maana hamsahihishi, vichwa vya habari vyenu naviona.

Swali: Kwa nini mistari ya kwenye ubao walichora kwa penseli ya bluu?

Jibu: Filamu ya kutengenezea pleti iliiona bluu ya mpauko kama nyeupe, mistari haikutokea. Basi.

Swali: PageMaker ndiyo iliyofukuza wapanga herufi wa magazeti?

Jibu: Hapana, mashine za mwanga na kompyuta za magazeti ndizo zilizowaondoa. New York Times la 2 Julai 1978 ndilo la mwisho kupangwa kwa risasi. The Times la London halikutoka karibu mwaka mzima, Desemba 1978 mpaka Novemba 1979, ugomvi ukiwa huohuo wa mashine mpya, halafu 1986 Murdoch, mmiliki wake, akahamishia magazeti yake kiwanda kipya cha Wapping, London, na watu zaidi ya 5,000 wakapoteza kazi. PageMaker iliwakuta wenye studio ndogo waliokopa kununua mashine za mwanga, hao nawahurumia kweli.

Swali: Nimeona mashine ya mwanga ya Compugraphic inauzwa bei ya kutupa, nichukue?

Jibu: Bila mikanda yake ya filamu yenye fonti hiyo ni meza, tena nzito. Diski zake ni za inchi 8, laptop yako haizisomi. Na usichokonoe ndani hata kama imezimwa, kuna umeme mkali umejificha mle. Hela hiyo nunua skana, uskani zile karatasi zilizopangwa zamani mlizonazo kabatini, maana zilizosafishwa harakaharaka zinageuka njano na herufi zinafifia.