Barua ya darasa ambayo wazazi hawaisomi

Mwalimu mwenzangu, nimekuelewa: kila Ijumaa unaandika kurasa mbili za habari za darasa la pili, na Jumatatu wazazi bado wanakuuliza matembezi ni lini. Inavunja moyo, pole sana.

Kwanza punguza. Ukurasa mmoja unatosha, na juu kabisa weka yanayomhitaji mzazi afanye jambo: fomu ya kusaini, tarehe, koti la siku ya matembezi. Masomo yafuate chini.

Kisha mpe mzazi swali la kumuuliza mtoto. Hapo ndipo barua inapopata uhai. Badala ya "tumesoma sayansi", andika: "Muulize kwa nini majani yanageuka njano msimu huu." Mtoto ataeleza kwamba siku zikifupika na baridi ikianza, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na njano iliyokuwamo muda wote ikaonekana. Waokote majani mawili matatu njiani, wayabane ndani ya kitabu kizito, wayalete wiki inayofuata. Hata mzazi anayerudi kutoka kazini usiku anaiweza kazi hiyo.

Wazazi wasiosoma vizuri lugha ya shule, warekodie ujumbe mfupi wa sauti.

Tafadhali, usiweke picha wala jina la mtoto bila idhini ya maandishi. Na mtoto anayepata shida kusoma asitajwe humo hata kwa mafumbo; mpigie mzazi wake simu, na hali ikiendelea, mshirikishe mtaalamu wa matatizo ya kujifunza.