Nahudumu lakini nisiposhukuriwa naumia: je, nina kiburi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nimehudumu kanisani kwetu kwa muda mrefu: kufagia, kupanga viti, kuosha vyombo baada ya semina. Nyumbani nako kazi karibu zote naachiwa mimi. Juzi waliohudumu kwenye semina walitajwa na kushukuriwa mbele ya watu, jina langu likarukwa. Niliumia mpaka nikalia. Je, unyenyekevu wangu ulikuwa wa bandia? Na nikikataa baadhi ya kazi nitakuwa nimemkosea Mungu? Naona wengine wananitwisha mizigo kwa sababu wanajua sikatai.

JIBU: Amina, dada yangu. Usijihukumu haraka kwa machozi yale. Bwana wetu aliwatakasa watu kumi wenye ukoma, akarudi mmoja tu kushukuru, naye akauliza, "Wale kenda wa wapi?" yaani wale tisa (Luka 17:17). Aliona kwamba hakushukuriwa, na akalisema. Lakini hatusomi kwamba aliwanyang'anya wale wengine uponyaji wao. Kukosa shukrani kunauma. Ubaya unaanza pale maumivu yanapoanza kuamua nani nimhudumie na nani nimnunie. Jipime hapo. Wiki iliyofuata ulipoosha vyombo, uliviosha vilevile, au kila sahani ilikuwa inamjibu mtu fulani moyoni mwako?

Sasa fungua Yohana 13, Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu. Wengi tunakimbilia beseni na kitambaa, tunauruka mstari wa 3. Mwinjili anatuambia kwanza kwamba Yesu alijua Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu. Baada ya hapo ndipo anasimama, anavua vazi la nje, anajifunga kitambaa, anamimina maji. Hakuinama kwa kujiona si kitu. Aliinama akijua vizuri yeye ni nani, kwa hiyo hakuwa na cheo cha kukitetea pale mezani. Na Yuda, ambaye angemsaliti, alikuwepo bado, maana alitoka baadaye, alipokwisha kupokea tonge alilopewa na Yesu. Miguu yake nayo ilioshwa, na mikono iliyoiosha ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujua atasalitiwa.

Nadhani hapa ndipo penye jibu lako. Mtu anayehudumu ili apate thamani, kila anaporukwa jina anaona thamani yake imeondolewa. Anayehudumu akijua Baba amekwisha kumpokea, akirukwa ataumia, ila hataanguka. Kwa hiyo sikuambii ujidharau zaidi. Kujisema vibaya mchana kutwa, "mimi si lolote, mimi si chochote," bado ni kujitazama wewe mwenyewe. Omba Mungu akuimarishe katika kujua kwamba u mtoto wake, kabla hujashika ufagio. Halafu chagua huduma moja ambayo hakuna atakayejua umeifanya, uifanye na unyamaze kabisa. Mathayo 6:4 inasema Baba aonaye sirini ndiye atakayekujazi, yaani atakayekulipa. Zoezi hilo ni gumu kuliko linavyosikika, maana tunapenda angalau mtu mmoja ajue.

Kuhusu kukataa: ndiyo, unaweza. Kule Kapernaumu, asubuhi baada ya kuponya wengi, wanafunzi walimfuata Yesu alikokuwa akiomba wakamwambia watu wote wanamtafuta. Akasema twende mahali pengine (Marko 1:35-38). Haja ya watu ilikuwa ya kweli, na bado hakurudi. Mitume nao, kazi ya kugawa chakula ilipowazidi, hawakuibeba kwa kununa. Waliomba kanisa lichague watu saba (Matendo 6). Na Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu alimuuliza yule askari, "Kama nimesema vema, wanipigia nini?" Huyo ndiye mpole na mnyenyekevu wa moyo, na hakukubali uonevu uitwe haki. Wanaokutwisha mizigo kwa kutumia neno "unyenyekevu" wanalitumia vibaya, hasa wakiwa viongozi, kwa sababu Marko 10:42-45 waliambiwa wao kwanza: atakaye kuwa mkubwa na awe mtumishi.

Jambo moja zaidi, nalisema kwa upendo. Petro alikataa kuoshwa miguu. Wapo watu wa huduma nyingi wasiokubali kuhudumiwa hata siku moja. Akiugua anaficha, akisaidiwa anaona aibu, mtu akimwambia "kaa, leo nitaosha mimi," anamnyang'anya kazi. Kama ndivyo ulivyo, sehemu ya mzigo wako umejitwisha mwenyewe, na wa nyumbani kwako hawajapata nafasi ya kujifunza kutumika. Wagawie kazi. Watakosea mwanzoni, waache wajifunze, usirudie nyuma yao.

Kwa huyo anayepanga zamu kanisani, nenda ukazungumze naye mkiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza. Mwambie unachoweza kuendelea nacho na usichoweza, na umwambie pia kwamba uliumia. Usianze kulalamika kwa wengine kabla yeye hajakusikia. Huenda hakujua.